Nilivyoshusha barua pepe za miaka 13 kwenye Thunderbird: uzoefu wangu

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, saa 3 asubuhi, alinipigia simu mama mmoja mteja wetu anayeuza vitambaa Kariakoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia meli imeshashusha. Kontena langu tunalitoa lini?"

Nilimwambia namwangalizia sasa hivi, na nilikuwa namaanisha. Sisi ni ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Posta, Dar es Salaam, na kila kitu cha mteja kiko kwenye barua pepe: BL (hati ya meli ya kupokelea mzigo), invoisi, pakingi listi, mawasiliano yote na muuzaji wa Guangzhou. Lakini jana yake, Jumapili, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikuwa zimekatika, na nchi nzima ilikuwa ikilia na mtandao. Ukurasa wa barua pepe ulibaki mweupe. Nyaraka za yule mama nilikuwa nazo tangu Aprili, nilishazisoma, lakini mezani kwangu hazikuwepo hata moja. Zilikaa kwenye seva ng'ambo na mimi nilikuwa na dirisha tu la kuchungulia. Nilizipata Jumanne usiku, kwa tabu. Siku ambazo kontena linakaa bandarini bila kulipiwa hazimsubiri mtu, na ile aibu ya kumwambia mama wa watu "bado nasubiri mtandao" sitaki kuirudia.

Ndipo nilipoamua barua zote zikae pia ndani ya kompyuta yangu. Nimetumia Thunderbird kwa kazi hiyo, na naandika haya kwa ajili ya mwenzangu mwenye akaunti kubwa anayefikiria kufanya hivyo hivyo, kwa sababu akaunti kubwa ina mambo yake.

Thunderbird ni programu ya bure ya barua pepe, inatumika kwenye Windows, Mac na Linux. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla, na siku hizi inaendeshwa kwa michango ya watumiaji. Kuisakinisha ni dakika chache. Akaunti yetu iko Google Workspace, yaani Gmail ya maofisi, hivyo niliandika anwani tu, programu yenyewe ikajaza seva ya imap.gmail.com na poti 993, kisha likafunguka dirisha la Google la kuingia na kuthibitisha. Hapo sina la kuongeza, ni rahisi.

Mzigo wenyewe sasa. Akaunti ilifunguliwa 2011 na ilikuwa imefika GB 21. Hatukuwahi kufuta kitu, kwa kuwa sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu miaka 5 na wateja wengine huuliza mambo ya zamani kuliko hapo. Ukiiacha Thunderbird ijichagulie, itajaribu kuleta folda zote, na hapo kuna mambo mawili ambayo ni lazima uyajue kabla hujabonyeza chochote.

La kwanza ni lebo, zile alama za kupangia barua. Kwenye Gmail ujumbe mmoja unaweza kuwa na lebo tatu, na kila lebo ikifika kwenye Thunderbird huonekana kama folda. Kwa hiyo BL ile ile utaiona kwenye inboksi, utaiona kwenye folda ya mteja, na utaiona tena kwenye All Mail, ambayo ndani yake mna karibu kila ujumbe wa akaunti. Ukiweka tiki kila mahali, unaibebesha kompyuta mzigo isiouhitaji. Usiku wa kwanza niliweka tiki kila mahali. Asubuhi namba za folda zilikuwa hazieleweki, nikafuta yote nikaanza upya.

La pili ni kikomo cha siku. Google wameweka wazi kwamba kupitia IMAP, njia ambayo programu kama Thunderbird husomea barua zilizo kwenye seva, akaunti ya Workspace inashusha MB 2,500 kwa siku, na ukizidisha inaweza kufungiwa kwa muda, hadi saa 24. Piga hesabu: GB 21 kwa kiwango hicho ni karibu siku 9, hata ungekuwa na intaneti ya kasi kiasi gani. Ofisi inayoishi kwa barua pepe haiwezi kufungiwa siku nzima. Kwa hiyo nilikubali kwamba hii ni kazi ya wiki mbili, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Njia niliyoipata ni hii, na naamini ndiyo sehemu yenye faida zaidi katika maelezo yangu. Kabla ya kurudi Thunderbird, nilikaa na Gmail kwenye kivinjari nikaigawa akaunti kwa miaka. Kwenye kisanduku cha kutafuta niliandika after:2012/1/1 before:2013/1/1, nikachagua matokeo yote, nikayapa lebo ya 2012, kisha nikayatoa kwenye inboksi kwa kuyahifadhi kwenye kumbukumbu. Nikaenda hivyo mwaka kwa mwaka. Baadaye kwenye mipangilio ya lebo niliondoa tiki ya kuonyesha All Mail kwenye IMAP, pamoja na lebo za wateja ambazo hazikuwa na ulazima. Inboksi ikabaki na ya 2024 peke yake. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nzima, na ilikuwa na thamani kuliko usiku wowote uliofuata.

Upande wa Thunderbird kuna sehemu ya usawazishaji (kuweka kwenye kompyuta nakala za barua za seva) na hifadhi kwenye mipangilio ya akaunti, na humo unachagua folda moja moja. Kila usiku niliweka tiki kwenye mwaka mmoja. Miaka ya 2011 hadi 2014 ilikuwa midogo, ikaingia kwa usiku mmoja. Mwaka 2021 peke yake ulikuwa GB 3 na ushee, nikaukata vipande viwili. Nilifanyia nyumbani Tabata, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, nikiwa nimeizuia kompyuta isilale. Jumla ni usiku 12, mmoja kati ya hizo ukiwa umepotea bure kwa sababu mtandao haukuwepo.

Umeme ulikatika mara mbili, na hapa lazima niisifu programu na mfumo wenyewe wa IMAP. Kila ujumbe ndani ya folda una namba yake kwenye seva, na Thunderbird inajua imefika namba gani. Umeme uliporudi iliendelea ilipoishia. Sikushusha kitu mara mbili.

Jambo la kuangalia: orodha ya barua hutokea mapema sana, mtumaji, kichwa cha habari, tarehe, ukadhani kila kitu kimeshaingia. Bado. Vichwa ndivyo vinavyotangulia, miili na viambatisho hufuata taratibu. Kipimo changu kila asubuhi kilikuwa kuiweka programu katika hali ya nje ya mtandao, kisha kufungua barua tano za mwaka ule, zenye PDF kubwa, bila kuchagua. Zikifunguka zote, natoka. Isipofunguka moja, mwaka ule unarudi usiku unaofuata.

Kutafuta ndani yake kunanifurahisha na kunanipa kazi kwa pamoja. Baada ya barua zote kuingia, programu ilihitaji karibu siku nzima kutengeneza faharasa, feni ikipiga kelele muda wote. Sasa nikiandika namba ya kontena, zile herufi 4 na tarakimu 7, jibu linakuja kabla sijaondoa mkono. Ila inasoma maandishi ya barua na majina ya viambatisho, yaliyo ndani ya PDF haiyasomi. Namba ikiwa ndani ya BL tu huipati. Tangu hapo kila barua tunayotuma ofisini ina namba ya kontena kwenye kichwa cha habari, na tumewaomba wauzaji wafanye vivyo hivyo. Wengi wamekubali.

Halafu kuna hili ambalo nalisema kwa msisitizo: kusawazisha si kuweka akiba. IMAP inakwenda pande mbili. Unachofuta kwenye kompyuta kinafutika na kwenye seva. Mwezi Agosti kijana wetu wa ofisi, kwa nia njema kabisa ya kupunguza nafasi kwenye diski, aliteua barua za 2016 akafuta. Bahati nzuri tuligundua siku ya tatu, na Gmail huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30, tukazirudisha zote. Moyo wangu ulikuwa unadunda. Ukitaka kompyuta isijae zaidi, ondoa tiki ya usawazishaji kwenye folda, usiguse barua.

Kwa sababu hiyo kila Ijumaa jioni nafunga Thunderbird na kunakili folda yake yote ya data kwenye diski ya nje. Diski ya kwanza ilikataa. Kwa mpangilio wa kawaida Thunderbird huhifadhi kila folda ya barua kama faili moja refu, na faili la inboksi lilikuwa limepita GB 4 wakati diski imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa diski ambao haupokei faili la ukubwa huo. Niliifomati upya kwa exFAT, ikakubali. Ukikuta faili ni kubwa kuliko barua zilizomo, ujue zilizofutwa bado zimekalia nafasi zao humo ndani mpaka uibane folda. Mimi huibana kabla ya kunakili.

Kitu kimoja ambacho ningeomba watengenezaji wakiongeze: ujumbe mfupi wakati wa kufungua akaunti, unaosema akaunti hii ni kubwa kiasi hiki, je, ulete zote au za karibuni tu? Chaguo la kuleta za karibuni lipo, hata kwa siku 30, lakini liko ndani sana kwenye mipangilio na mgeni hawezi kulifikia kwa bahati.

Nyaya zikikatika tena, barua mpya hazitaingia, hilo hakuna programu ya kulitibu. Ila za jana kurudi nyuma hadi 2011 ninazo hapa. Kwa anayetumia bando la simu, usifanye kama nilivyofanya. Chagua siku 90 za karibuni, chagua na folda mbili tatu za wateja ambao mizigo yao iko njiani, na zilizobaki uziache kwenye seva mpaka upate intaneti isiyohesabu MB.