Miezi kumi na kikundi cha askari wastaafu cha kusaidiana kuacha pombe: uzoefu wangu (nyota 4)

Naona watu wanauliza sana kama hizi huduma za askari wa zamani kusaidiana wenyewe kwa wenyewe zina maana au ni stori tu za kupeana moyo. Ngoja niseme yangu. Jina la huduma siliweki maana kuna sehemu nitalalamika na sitaki kesi.

Jeshini nimekaa miaka 14, operesheni nimeenda mara mbili, nikatoka na viungo vyangu vyote kwahiyo kila mtu akaniona niko fiti. Kumbe shughuli inaanza usiku. Silali mpaka nimekagua milango mara tatu, nikiingia sehemu yenye watu lazima nikae mgongo ukutani macho mlangoni, mtoto akiangusha sufuria jikoni mi nishalala chini zamani. Pombe niliianza kama dawa ya usingizi, glasi mbili, alafu nusu chupa, alafu ikafika mahali sihesabu tena. Na shida ya pombe ni kwamba kweli inakulaza ila usingizi wenyewe inauharibu, ikianza kuisha mwilini kwenye saa nane saa tisa usiku unakurupuka moyo unakwenda mbio na yale majinamizi ndo yanakuja kwa fujo zaidi, basi kesho yake unaongeza dozi. Niliishi hivyo miaka mitatu.

Kabla ya hii huduma nilishaenda kwa mnasihi, mama mmoja mpole sana, sina baya la kusema juu yake. Akiniuliza najisikiaje namjibu "kawaida". Kila kikao kawaida, kawaida. Nilikua namlinda yeye asisikie, ndo ukweli wenyewe.

Namba ya hii huduma alinitafutia mke wangu. Nikapigiwa na jamaa ambaye na yeye alikua askari, ameacha pombe mwaka wa nane, na wamempa mafunzo ya hiyo kazi. Kwenye fomu zao anaitwa "mwenza wa kupona", mke wangu akauliza kwahiyo mi ni nani sasa. Swali la kwanza la huyu jamaa halikua najisikiaje. Aliniuliza, "Kaka, asubuhi ukikosa, mikono inatetemeka?" Nikamwambia inatetemeka, ila usijali, leo leo namwaga chupa zote naanza upya. Mi nilidhani atanisifia. Akasema, "Usimwage chochote, kwanza twende hospitali."

Hapa naomba watu mnisikilize vizuri maana kuna wengi hawajui. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla peke yake nyumbani anaweza kufa. Degedege linaweza kumshika ndani ya siku mbili za mwanzo, alafu siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, anaona vitu havipo, homa, jasho, presha iko juu. Mi nilijua arosto (yale mateso ya kukata) ya unga, yani heroini, tu ndo ya kuogopa, kumbe ya unga inatesa mno lakini ya pombe ndo inaua kirahisi zaidi. Nililazwa siku sita, nikapewa dawa za kutuliza ambazo wanazipunguza kidogo kidogo na vitamini B1, na huyu jamaa alikuja karibu kila siku anakaa tu pembeni anasoma gazeti.

Swali lake la pili lilikua zito zaidi na aliliuliza hivyo hivyo bila kuzunguka. Unafikiria kujiua? Nyumbani kuna silaha? Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watakupandikizia wazo, wakati wazo nilikua nalo zamani, nilichokosa ni mtu wa kuniuliza. Silaha ikaenda kwa shemeji siku ile ile na mpaka leo iko huko.

Sasa kikundi. Jumanne jioni, watu nane mpaka kumi. Viti vimepangwa nusu duara ili asiwepo mtu mwenye mgongo mlangoni, na hakuna aliyeelezwa kwanini. Vyeo vinabaki nje, kuna mzee alikua meja anakaa pembeni ya kijana aliyekua dereva tu na wote wanaitana kwa majina (meja ilimchukua wiki kadhaa kuzoea, alikua anaitika kwa kukunja uso). Stori za damu haziruhusiwi, unaweza kusema "ile siku ya daraja" na ikaishia hapo, kwasababu ukianza kusimulia mwili ulikuaje unaenda kuamsha ya mwenzio anayerudi kulala peke yake. Hizo ni za kupeleka kwa mtaalamu. Nilipoingia mara ya kwanza nilisema sentensi moja tu, kwamba nakagua milango, watu wakaguna, mmoja akauliza "na madirisha?" tukacheka wote. Miaka mingapi sijacheka kuhusu hilo.

Anayetuongoza anapenda historia, ndo alituambia mambo haya ya kukaa duara yana mizizi jeshini kuliko tunavyodhani. Bill Wilson, aliyeanzisha AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi kusaidiana kuacha pombe) pamoja na Dr. Bob kule Akron, Marekani, mwaka 1935, alikua afisa wa jeshi kwenye vita ya kwanza ya dunia, na unywaji wake ulianzia kipindi hicho hicho cha jeshi. Alafu 1970 New York askari waliotoka Vietnam wakaanza kukutana wenyewe waongee, madaktari wa akili kina Robert Jay Lifton na Chaim Shatan wakaalikwa kukaa nao. PTSD yenyewe, yani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mambo ya kutisha kama vita, iliingia kwenye kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani 1980. Yani wagonjwa walishakaa kwenye viti miaka kumi kabla ugonjwa haujapewa hilo jina.

Malalamiko sasa. Nikiwa mwezi wa tano na hii huduma walinibadilishia yule mwenza wa kupona kwa meseji, mistari miwili, hakuna simu hakuna kuagana. Mi ambaye kuachwa ghafla ndo kitu kinachonivuruga kuliko vyote. Nilikunywa siku tatu. Baadaye nikajua jamaa mwenyewe alikua amechoka, anabeba watu wengi na ndoto zake zimeanza kurudi, wakampumzisha. Hasira ziliisha kwake, kwa ofisi hazijaisha, mtu angenipigia dakika tano tu ningeelewa. Ila niliporudi hakuna aliyenihubiria, waliuliza tu nilikunywa saa ngapi ya mwisho, tunaanza kuhesabu hapo.

La pili, kuna mwanachama mmoja anaamini dawa ni udhaifu. Mi natumia naltrexone ambayo inapunguza hamu ya pombe na haileti uraibu, yeye akanishika pembeni ananiambia niitupe eti bado sijaacha kweli. Kiongozi alimkatisha hapo hapo, lakini mtu mgeni angeweza kumsikiliza. Wenzako wanajua unachopitia, hilo halijawafanya madaktari. Na yule mnasihi wangu mpole nimemrudia, saivi tunaongea kweli, kwasababu maneno ya kuanzia nimeyapata kwenye kikundi.

Simu ya usiku ndo inawanyima nyota. Saa tisa usiku unapiga unawekewa muziki, mara moja nimesubiri dakika ishirini, wakati hiyo ndo saa ambayo sisi wote tuko macho.