Stelingi Hafi: Jioni Tuliyotazama Saving Mr. Banks na Mjomba

Nilikwenda Makoroboi, hapa Mwanza, kumtafutia mwanangu muvi ya yaya anayeruka na mwavuli, nikarudi na muvi ya mama mmoja anayegombana na watu kwa saa mbili nzima. Kijana wa kibandani alipekua kompyuta yake, akaona jina la Disney, akaona Mary Poppins imetajwa kwenye maelezo, akaniwekea kwenye flashi. Buku moja. Tumefika nyumbani Nyakato, tumechomeka, ndipo tunagundua kwamba tumeuziwa Saving Mr. Banks ya mwaka 2013, na yaya mwenyewe haonekani mpaka mwisho kabisa, tena kwa vipande vichache tu, watu wengine wakimtazama ukumbini.

Binti yangu alinuna. Mimi nikasema tuiache iendelee, maana Emma Thompson namjua na sijawahi kumwona akiharibu kazi. Tangu siku hiyo nimeitazama mara tatu.

Kisa ni hiki. Mwaka 1934 mwandishi P. L. Travers (ndiye anayechezwa na Emma Thompson) alitoa kitabu cha Mary Poppins, yaya anayeletwa na upepo wa mashariki kwenye nyumba ya familia ya Bwana Banks huko London. Watoto walikipenda, wakiwemo mabinti wa Walt Disney, naye baba yao akawaahidi kukifanyia filamu. Ahadi kwa mtoto ni deni bovu: ilimchukua Disney kama miaka 20 kumbembeleza mama huyu, na kila mara jibu lilikuwa hapana. Muvi inaanzia mwaka 1961. Fedha zimemwishia, amekubali kwenda Los Angeles kwa wiki mbili kusikiliza, lakini mkataba hajausaini. Anawekwa chumba kimoja na mwandishi Don DaGradi pamoja na ndugu wawili watunzi wa nyimbo, Richard na Robert Sherman, na hapo ndipo vita inapoanzia. Hataki nyimbo. Hataki katuni. Hataki Bwana Banks awe na masharubu. Hataki rangi nyekundu. Hataki maneno ya kubuni yasiyokuwemo kwenye kamusi yoyote. Na anadai kila neno linalosemwa mle chumbani lirekodiwe kwenye tepu. Hiyo tepu ishikeni, nitairudia.

Kumbe huku na huku muvi inaturudisha Allora, kimji kidogo cha Queensland, Australia, mwaka 1906. Mama huyu anayejifanya Mwingereza kuliko Waingereza alizaliwa Australia, jina lake Helen Lyndon Goff. Baba yake, Travers Goff (Colin Farrell), ni meneja wa benki, mcheshi, bingwa wa hadithi, na mlevi. Anampenda binti yake kupita kiasi, na pombe inammaliza mbele ya macho ya mtoto.

Niseme kitu ambacho huenda mtazamaji wa Ulaya anahitaji kuelezwa, lakini sisi hatuhitaji. Binti huyu alipokua akachukua jina la baba yake, Travers, si lile la ukoo bali lile aliloitwa nyumbani, akaliweka nyuma ya lake. Kwenye muvi jambo hili linakuja kama siri inayofumbuliwa. Pale sebuleni kwangu hakuna aliyeshtuka. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa hivyohivyo, na cha binti yangu, na cha karibu kila mtu tunayepanga naye foleni mjini hapa. Ukiitwa, anaitwa na baba yako. Kwa hiyo tangu mapema kabisa nilielewa ugomvi wake na wale akina Sherman hauhusu masharubu.

Sasa nimlete mjomba, maana bila yeye nisingeandika haya.

Mjomba wangu, kaka yake mama, miaka ya tisini alikuwa mtafsiri kwenye kibanda umiza kimoja Kirumba. Kwa mliozaliwa juzi: TV ya chogo moja, deki moja, mabenchi ya mbao, harufu ya dagaa kutoka Mwaloni, na mtu mmoja kakaa pembeni na maiki akiwasemea wote, mwanamume, mwanamke, mtoto na mbwa. Kichina hakujua hata salamu. Kihindi alijua maneno matatu. Haikumzuia. Jambazi akikimbia, mjomba alimwonya asipite njia ya stendi kuna askari. Tajiri wa Hong Kong aliishi Capri Point. Na sheria kuu ya kibanda ilikuwa moja, stelingi, yule shujaa wa muvi, hafi. Nakumbuka mkanda mmoja ambao stelingi alikufa kweli, akazikwa, na mvua ikanyesha juu ya kaburi. Mjomba akameza mate, akatangaza kwenye maiki kwamba aliyezikwa ni pacha wake, stelingi mwenyewe yuko hospitali ya Bugando amelazwa na hali yake inaendelea vizuri. Watu wakapiga makofi, wakatoka na furaha, kesho yake wakalipa tena.

Siku hizi anakaa Igoma, magoti yanamsumbua, huja kwetu Jumapili. Ndiye aliyekuwa kwenye kochi kubwa jioni hiyo. Faili letu halikuwa na maandishi ya chini (hilo ni kosa la kibanda, si la muvi, kama Kiingereza kinakupa shida, muulize muuzaji kabla hujalipa), basi mjomba akajiajiri upya. Emma Thompson anafungua kinywa, mjomba anasema, "Nyie vijana, hapa siyo kwenu, ondoeni hayo madoli kitandani kwangu!" Na kwa kweli alikuwa karibu sana na yaliyosemwa. Anafika hotelini, anakuta chumba kimejazwa midoli na vikapu vya zawadi, anayatupa mapeasi dirishani. Binti yangu alicheka mpaka akasahau kwamba alinuna. Baadaye tunakuja kujua mapeasi yamefungamana na siku baba yake alipofariki, na kicheko chote kile kinakurudi kooni.

Tendo lililonifanya niirudie muvi hii ni la maonyesho ya pale Allora. Baba amepanda jukwaani kuhutubia kwa niaba ya benki, amelewa, miguu haimtii. Wakati huohuo, miaka hamsini na kitu mbele, akina Sherman wanamwimbia mama wimbo wao mpya wa wenye benki, wimbo wa kuchekesha, wa kupigia makofi mezani. Mwongozaji John Lee Hancock anazifuma hizo mbili pamoja: maneno ya wimbo yanatoka kinywani mwa baba mlevi, yanarudi kwenye piano, yanarudi tena kwa baba, mpaka anaanguka. Mle chumbani vijana wamefurahi, wanangoja kusifiwa. Mama anawauliza kwa nini wamemfanya Bwana Banks kuwa mkatili kiasi hicho. Hawajui wamekanyaga kaburi la nani. Hapo mjomba aliacha kutafsiri. Nilimtazama, alikuwa anasugua goti.

Kwa wazazi: kuna tendo moja usiku ambapo mama wa familia, amechoka na kila kitu, anamwambia binti yake awaangalie wadogo zake kisha anatoka na kuingia mtoni. Mtoto anamfuata na farasi. Halionyeshwi kwa undani na mama harudi maiti, lakini sisi tunaolala tukisikia habari za ziwa tunajua mtu akiingia majini usiku maana yake nini. Binti yangu ana miaka 11 na alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Chini ya umri huo msubirini akue, hata kama jalada lina masikio ya panya.

Waigizaji sina ugomvi nao. Thompson anacheza uso uliokunjwa kwa adabu, na unaona pale unapotaka kukunjuka na yeye anaukataza. Farrell anakufanya umpende baba ambaye ungemfukuza nyumbani kwako. Paul Giamatti ni dereva Ralph, na mazungumzo yao ya garini ni matamu kuliko yote ya ofisini. Tom Hanks kama Disney ni mzuri, ila mzuri mno. Walt Disney alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na saratani ya mapafu ndiyo iliyomwua mwaka 1966. Humu utamwona akizima sigara haraka, kuivuta hapana. Muziki wa Thomas Newman ndio uliopata uteuzi pekee wa Oscar kwa muvi hii. Sawa, lakini Thompson kuachwa nje sijalimeza mpaka leo.

Kinachonikera ni mwisho. Mama anagundua kwamba pengwini watakuwa katuni, anafunga virago, anarudi London. Disney anamfuata, anakaa naye sebuleni, anamsimulia utoto wake Kansas City, alivyosambaza magazeti kwenye theluji kwa amri ya baba yake. Mama analainika, anasaini. Mwaka 1964 unafika, uzinduzi wa filamu ya Mary Poppins, yeye hakualikwa lakini anakwenda, na ukumbini analia, na sisi tunaelewa kwamba kidonda kimepona. Bwana Banks ameokolewa, kwaheri.

Machozi yale ni ya kweli, alilia. Lakini hakupona. Filamu hakuipenda, hasa katuni zake. Richard Sherman alisimulia kwamba baada ya onyesho mama alimfuata Disney kumwambia vile vipande vya katuni viondolewe, akajibiwa kwamba meli imeshaondoka. Mtu yeyote aliyewahi kusimama gatini na begi lake akiangalia meli ya Nansio ikizidi kuwa ndogo anajua jibu hilo linavyouma. Na filamu ile ikazoa tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya Julie Andrews aliyemcheza yaya, na kumpa mama fedha nyingi, naye akaendelea kuichukia. Miaka mingi baadaye alipokubali kitabu chake kifanyiwe mchezo wa jukwaani, aliweka sharti waandike Waingereza na asihusishwe mtu yeyote aliyeshiriki filamu. Alifariki 1996 bila kulegeza. Pia alikuwa na mtoto wa kiume aliyemlea tangu mchanga, na humu ndani hatajwi kabisa.

Nilimweleza mjomba hayo yote. Alifikiri kidogo.

"Hiyo muvi imetengenezwa na nani?"

"Na Disney wenyewe, mjomba. Kampuni yake."

"Aa." Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mayu, hiyo ni kazi yangu. Wamemlaza Bugando."

Sijapata mhakiki aliyeisema vizuri zaidi. Muvi nzima inahusu mwanamke anayepinga kisa cha baba yake kutiwa sukari, halafu watengenezaji wanachukua kisa chake yeye na kukitia sukari ileile kutoka kopo lilelile. Na mimi, aibu yangu, nililia mara zote tatu. Kwa ufundi nitaipa nane kwa kumi. Kwa uaminifu, tano, na hapo nimewahurumia.

Imenifanya nimfikirie sana Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, ikakosa mchapaji, mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Leo akitokea mtu na fedha anataka kuifanya filamu, nani atakaa chumbani na kusema hapana, mtumbwi haukai hivyo, mke haongei na mkwe hivyo, zima hiyo tepu turudie? Mzee mwenyewe hayupo. Tutabaki na akina mjomba.

Na sasa ile tepu. Majina yakianza kupanda, usifunge kompyuta. Binti yangu alishanyoosha mkono kuchomoa flashi, nikamzuia kwa bahati tu. Wameweka sauti ya mama mwenyewe, P. L. Travers halisi, kutoka kwenye zile tepu za 1961, akiwa na wale vijana mle chumbani. Hakuna muziki wa kukuliza. Ni sauti ya mama mtu mzima, kavu, ya haraka, haina muda wa kupoteza. Ukiisikia unajua kwamba Thompson pamoja na ukali wake wote alikuwa anatubembeleza.

Mjomba alisogea mbele kwenye kochi na kukunja mkono karibu na mdomo, kama ameshika maiki. Akafungua kinywa. Kisha akauteremsha mkono na kumgeukia binti yangu, ambaye anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza.

"Mjukuu, anasemaje huyu?"

"Anawasahihisha, babu."

"Anawasahihisha nini?"

"Kila kitu."

"Rudisha nyuma," akasema. "Halafu wewe nyamaza, nimsikie mwenyewe."