Vidonge vya kutibu maji: vizuri, lakini siyo kwa kila maji

Naona watu wanauliza kama hivi vidonge vya klorini vya kutia kwa jerikani vinasaidia kweli ama ni kutupa pesa, sisi hapa Kasese, Uganda, tunavitumia kila msimu wa mvua basi wacha niseme. Vinasaidia. Stripu moja ni karibu bei ya rolex ya barabarani (chapati iliyokunjwa na mayai), na kidonge kimoja cha 67 mg kinatosha jerikani nzima ya lita 20. Tia, funga, tikisa, ngoja nusu saa, kunywa. Kuchemsha nako ni kuzuri sana lakini mafuriko yakishapita na makaa yote yameloa utachemshia na nini?

Harufu ipo, siwadanganyi, watoto wanakunja uso. Mimina toka jagi hii hadi ile mara kadhaa, inapungua.

Sasa jambo ambalo paketi haielezi vizuri. Maji yakiwa na tope klorini inaishia kwenye tope, vijidudu vinabaki vinakungoja. Acha tope litulie chini kwanza, chuja na kitambaa safi ulichokikunja, na kama bado yana ukungu weka vidonge viwili badala ya kimoja. Halafu kuna mto wetu Nyamwamba. Ukifura kama ile Mei 2013, ama Mei 2020 ulipobomoa hospitali ya Kilembe, unabeba mabaki ya mgodi wa zamani wa shaba huko juu, na klorini haitoi madini, haitoi mafuta ya gari, na hata uchemshe hadi jioni hayatoki. Hayo maji achaneni nayo kabisa, kingeni ya mvua kutoka kwa bati, hayo ndiyo mtie kidonge.

Najua mtu ataniambia haya maandalizi ya mafuriko ni habari za harikeni za Marekani, vile vimbunga vikubwa vya baharini. Ni kweli huku hatuna, vimbunga vile vinataka bahari yenye joto na karibu na ikweta havijizungushi, na ikweta yenyewe inapita hapo Kikorongo watalii wanapopigia picha. Ila mafuriko ni mafuriko tu, choo kikifurika kinaingia kisimani hata kama upepo haukuvuma. Na ushauri mmoja wa hao Wamarekani mimi nauchukua: weka maji kabla, galoni moja kwa kila mtu kwa siku, angalau siku tatu. Galoni ni kama lita 3.8, kwa hiyo nyumba ya watu watano ni jerikani tatu zimejaa, zimefungwa, zimepandishwa juu ya meza siyo chini. Hiyo ni ya kunywa na kupika, kufua mtajua wenyewe.

Mkinunua ulizeni ni cha lita ngapi maana kuna vidogo vya 33 mg ambavyo ni vya lita 10 na vinafanana, ukikosea jerikani yako haijatibiwa. Angalieni na tarehe, kuna duka moja karibu na stendi waliniuzia ambavyo vilishaekspaya na yule dada wala hakushtuka. Na mviweke mbali na watoto jamani, vinafanana na Panadol na havimezwi. Nunueni sasa wakati kuna jua, mvua ikishaanza kila mtu anakimbilia duka la dawa na wenye maduka nao wanajua.