Ringi na spoku za magurudumu yangu ya kwanza kusuka: nilichochagua na jinsi yanavyokwenda

Nimechagua spoku 32 kwa kila gurudumu, msuko wa kupishana mara tatu (kila spoku inakatiza nyingine tatu njiani), mbele na nyuma. Spoku ni Competition za kampuni ya DT Swiss, nipeli (nati ndogo zinazokaza spoku kwenye ringi) ni za shaba, na ringi ni za alumini zenye kuta mbili, kwa baiskeli ya barabarani yenye breki za ringi. Ni mpangilio wa kawaida kabisa, na baada ya kuutumia kwenye njia mbovu, ningeuchagua tena bila kusita.

Msuko wa nyuma si jambo la kupenda tu. Unapokanyaga pedali, cheni inaizungusha habu, yaani kitovu cha gurudumu, na habu inalivuta gurudumu kupitia spoku. Spoku iliyolala mshazari inashika mvuto huo mara moja. Iliyosimama wima kutoka habu hadi ringi haiwezi kuushika mpaka habu izunguke kidogo kwanza, na muda wote inavuta tundu lake kuelekea ukingoni mwa sahani ya habu (duara la pembeni lenye matundu ya spoku). James Starley wa Uingereza alisajili hataza ya spoku za mshazari mwaka 1874, na mpaka leo hakuna aliyepata sababu ya kuziacha.

Mbele ni hadithi nyingine. Kwa breki za ringi, habu ya mbele haibebi nguvu ya kuzungusha, kwa hiyo msuko wa wima unafaa, mradi mtengenezaji wa habu anauruhusu. Wengi hawauruhusu, na ndiyo sababu nimepishanisha hata mbele. Mwenye breki za diski hana hiari: breki inaikamata habu yenyewe, kwa hiyo lazima apishanishe pande zote.

Kuna wanaoshauri spoku 28 ili kupunguza uzito. Spoku nne na nipeli zake hazifiki gramu 30. Kwangu ni heri kubeba gramu hizo, kwa sababu spoku moja ikikatika kati ya 32, gurudumu linayumba lakini linakufikisha.

Spoku zenyewe zimenifurahisha kuliko kitu chochote hapa. Zina milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Wembamba huo wa katikati unazifanya zinyumbuke zaidi, kwa hiyo gurudumu likiingia shimoni hazilegei upesi, na kwenye kona karibu na habu, ambako spoku nyingi hukatikia, chuma hakichoki haraka. Wanaodhani spoku yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho ndiyo imara, wafikirie hilo.

Kwa ringi, usianze na uzito. Ilaze juu ya kioo uone kama inayumba, pitisha kidole kwenye kiungo chake, kisha pima mwenyewe kipenyo cha pale vichwa vya nipeli vinapokaa. Urefu wa spoku unatokana na kipimo hicho pamoja na vipimo vya habu, na kosa la milimita mbili au tatu linatosha kukuachia spoku zisizofika au zinazochomoza kuelekea tyubu. Ringi iliyonyooka tangu mwanzo inakubali mkazo ulio sawa, na mkazo ulio sawa ndio unaolifanya gurudumu lidumu. Huo msuko tunaoujadili sana unakuja baadaye.

Kasoro iko nyuma. Giya zinasukuma sahani ya kulia ya habu kuelekea katikati, kwa hiyo spoku za kulia zinasimama zaidi na kukazwa zaidi. Zangu za kulia zina mkazo wa karibu kilo 120, za kushoto zimezidi nusu ya hapo kidogo. Ni kawaida kwa gurudumu la aina hii, lakini hizo za kushoto ndizo ninazozikagua kwa vidole kila ninapojaza upepo, maana nipeli isiyobanwa vya kutosha hujifungua yenyewe. Baada ya kukaza nilizibana spoku mbilimbili kwa mikono zikalia, nikanyoosha tena, nikarudia mpaka zikanyamaza, na tangu hapo ringi haijayumba.

Seti ijayo, nyuma nitatafuta ringi yenye matundu yaliyosogezwa upande wa kushoto, ili mkazo wa pande mbili ukaribiane. Mbele sibadilishi kitu.