Mashine ya kufua kwa bafu dogo: pima mgongo wake kabla hujauliza kilo

Kwa miezi mitano bafu letu halikuwa na mlango, lilikuwa na pazia. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi wiki mbili, alikuwa anangoja nyumba nzima ilale ndipo akaoge. Hakusema neno, na ule ukimya wake ndio ulioniuma kuliko kama angelalamika. Yote hayo yaliletwa na sentimita saba.

Nafasi niliyokuwa nayo, kuanzia ukutani hadi pale mlango wa bafu unapopita ukifunguliwa, ilikuwa sentimita 60. Boksi la mashine liliandikwa kina sentimita 55. Nikaona hapo nina ziada ya tano, nikalipa, ikaletwa. Fundi bomba alipoisukuma nyuma, ikagoma kabla haijagusa ukuta. Nikapiga magoti na tochi ya simu nikachungulia. Mpira wa maji safi unaingia kwenye mashine kwa nati ya plastiki iliyotokeza moja kwa moja kuelekea ukutani, ndipo unapinda kwenda kwenye koki. Pembeni yake mpira wa maji machafu, ule wenye mikunjo mikunjo, nao unataka nafasi ya kupinda bila kubanwa. Mipira hiyo miwili ilikula sentimita 8. Mbele, kioo cha mlango wa mashine kimetuna sentimita 4. Ile 55 ya kwenye boksi ikawa 67.

Tuliisukuma kwa nguvu. Mpira ukakunjika, pale penye kunjo plastiki ikageuka nyeupe, na baada ya wiki chache ikaanza kudondosha tone moja moja nyuma ambako hakuna mkono unaofika. Tukairudisha mbele, tukang'oa mlango wa bafu.

Kwa hiyo leo sitawaeleza habari za kilo, idadi ya programu wala nyota za umeme. Hayo yamebandikwa mbele ya kila mashine na muuzaji anayasoma kama shairi. Nataka tuongee habari za nyuma.

Chukua tepu uende nayo dukani. Mwambie muuzaji aigeuze mashine, na uangalie matundu ya maji yako wapi. Kuna mashine ambazo mgongo wake una shimo lililozama ndani, nati inaingia humo na mpira unashuka bila kutokeza. Nyingine mgongo ni bapa na kila kitu kimechomoza. Mbili hizo zinaweza kuandikwa kina kilekile, lakini bafuni zinatofautiana kwa upana wa kiganja. Ukishajua, ongeza sentimita 5 hadi 10 kwenye kina cha boksi kwa ajili ya mipira, halafu pima kioo cha mbele. Halafu fungua mlango wa mashine wote na upime tena, kwa sababu mlango ukigonga choo, nguo utazitoa kwa ncha za vidole. Wewe mwenyewe pia unahitaji pa kuchuchumaa na beseni.

Kama bado hujajenga, au unapasua vigae upya, hapo una bahati niliyokosa mimi. Mwambie fundi asiweke koki nyuma ya mashine hata kidogo. Aiweke ubavuni, usawa wa kiuno, mahali mkono unafika bila kusogeza kitu. Mpira utazunguka kwa upande, mashine itakaribia ukuta, na ukimaliza kufua utaifunga koki kila siku. Koki iliyofichwa nyuma haifungwi na mtu, na mpira unaoshinda na presha usiku na mchana ndio unaopasuka siku mko safarini. Bomba la maji machafu nalo liwe ubavuni, mdomo wake ukiwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukilaza mpira chini kabisa hadi kwenye tundu la sakafu, mashine nyingi zitavuja maji kimyakimya huku zinajaza: maji yanaingia juu yanatoka chini, na wewe unashangaa mbona haianzi kufua.

Umeme nitausema kwa ufupi, si kwa udogo wake. Soketi isiwe ndani ya sentimita 60 kutoka ukingo wa shawa au beseni la kuogea, na nchi nyingine zinataka mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo muulize fundi umeme mwenye leseni. Laini hiyo iwe na kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampia 30. Waya wa kuunganishia uliolala kwenye sakafu yenye maji usiuruhusu, hata kwa siku moja.

Sasa mpangilio wangu wa mashine za bafu dogo, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza ni LG nyembamba yenye mlango wa mbele, ile ya kina cha sentimita 44. Naipenda LG na sifichi. Mota yake imeshikamana na pipa moja kwa moja, haina mkanda, na wanatengeneza hivyo tangu 1998. Kwa bafu dogo hili ni jambo kubwa, maana mashine inayotetemeka wakati wa kukamua hutembea. Ile yangu ya zamani ilikuwa inasogea mbele kidogo kidogo, na kila Jumamosi nilikuwa nairudisha kwa goti. Hii haijasogea tangu iletwe. Lakini ukiifunga, hakikisha zile bolti za usafirishaji zilizo nyuma, zinazolishika pipa lisicheze njiani, zimetolewa zote. Zikisahaulika hata LG itarukaruka, na utailaumu bure. Kasoro yake ni tumbo dogo: blanketi nzito haliingii, na shuka za vitanda vitatu utazifua kwa awamu. Nimekubali.

Ya pili ni mashine ya kufunguliwa juu yenye upana wa sentimita 40. Usiichanganye na zile kubwa za mfuniko wa juu ambazo pipa limesimama wima. Hii pipa lake limelala kama la mlango wa mbele, ila unaingizia nguo juu. Inaingia pale kati ya choo na ukuta ambapo hapaingii kitu kingine, haihitaji nafasi ya mlango mbele, na mgongo haukuumi ukiwa unatoa nguo. Kina chake bado ni kama 60, na nyuma yake mipira ipo vilevile, kwa hiyo tepu haiwekwi kando. Juu yake huwezi kuweka rafu ya chini wala kurundika taulo. Kama bafu lako ni refu na jembamba, ningekuambia uanze na hii.

Ya tatu ni ile fupi ya kukaa chini ya sinki, mfano Candy Aquamatic, yenye urefu wa kwenda juu kama sentimita 70. Wengi wanaivamia kwa picha. Wasichoambiwa ni kwamba sinki la kawaida halikai juu yake, kwa sababu bomba la sinki linashuka katikati, palepale mashine inapotaka kukaa. Utanunua sinki bapa ambalo tundu lake liko nyuma, na fundi atarudi mara ya pili. Hesabu gharama ya vyote viwili ndipo uamue. Na inafua nguo za mtu mmoja au wawili, si za familia.

Ya nne ni inayofua na kukausha humohumo. Inavutia mtu asiye na pa kuanika, lakini inakausha takriban nusu tu ya kile inachoweza kufua. Nusu nyingine unaitoa imelowa ukaishike mkononi.

Zile za bei rahisi za mapipa mawili zinasogezeka, na kwa anayepanga chumba zinafaa. Sina zaidi.

Kinachonikasirisha hadi leo ni bei. Mashine nyembamba ina bati pungufu, pipa dogo, inabeba nguo chache, na mara nyingi inauzwa ghali kuliko kubwa ya kampuni hiyohiyo. Wanajua mwenye bafu dogo hana pa kukimbilia. Halafu ile elbo ya plastiki, inayoufanya mpira ushuke badala ya kuchomoza, kitu kinachoenea kiganjani, haikuwamo kwenye boksi langu, inauzwa pembeni. Nilipotaka kuirudisha dukani ile yangu ya zamani, muuzaji aliyeniambia "itaingia tu dada, usiogope" alinijibu kwamba boksi limeshafunguliwa. Nilimuuliza: ningejuaje haiingii bila kulifungua? Akamgeukia mteja mwingine. Kina halisi, pamoja na mipira, kingeandikwa kwenye boksi kwa mstari mmoja. Ukikitafuta utakuta kimewekwa kwenye mchoro wa kitabu cha maelekezo, na kitabu kimefungiwa ndani ya pipa, na boksi haliruhusiwi kufunguliwa.

Mwishowe ile mashine niliiuza kwa mama mmoja mwenye veranda ya nyuma. Alikuja na pesa mkononi. Nikamwomba azirudishe kwanza kwenye mkoba, tukaenda kwake na tepu yangu, tukapima kuanzia ukutani, koki na kila kitu. Ilimbakia sentimita 19. Hapo ndipo nikapokea pesa.