Boti ya AI au binti wa kujibu meseji, nani ashike WhatsApp ya duka?
Hili swali halituishii sisi wauza viatu wa Kariakoo, mi nimejaribu vyote viwili, binti na boti, yaani programu inayojibu meseji yenyewe. Gharama, boti kashinda: unalipia kwa mwezi, japo mara nyingi ni kwa dola, shilingi ikishuka inauma, ila mtu ana mshahara, nauli na msosi wa mchana. Na saa saba usiku mteja wa Mwanza akiuliza "42 ipo?" anajibiwa hapo hapo, binti kalala.

Kwenye uhakika sasa ndo balaa, boti yangu ilisema ipo wakati pea ya mwisho niliuza jana yake, mtu katuma hela kabisa, nikarudisha na makato juu yangu. Halafu Bongo nani ananunua bila "bei ya mwisho sh ngapi?", binti anajua kushusha elfu mbili huku anachombeza, boti inarudia bei ile ile kama kasuku.

Matunzo: boti inataka stoku iingizwe kila jioni, binti anataka ruhusa ya msiba. Meseji zikiwa nyingi na bei zako fiksi, weka boti, ila kama unauza kwa kubembeleza baki na mtu. Mi usiku naiachia boti, asubuhi anashika binti.