Minoksidili ya kupaka: soma kimiminika kabla ya kusoma asilimia

Mwezi wa Februari nilinunua chupa ya minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 katika duka moja la dawa mjini Kampala, na haikupita wiki mbili kabla sijaanza kuamka usiku nikijikuna. Ngozi ya kichwa ilikuwa ikitoa magamba meupe kando ya njia ya katikati ya nywele. Nilipomrudia muuzaji, alinitaka nivumilie, kwa kuwa kuwasha ndiyo dalili kwamba dawa imeshika. Dada zangu watatu wameniandikia tangu hapo kwamba waliambiwa maneno hayo hayo, na maneno hayo si ya kweli. Mara nyingi kinachowasha si minoksidili yenyewe bali propilini glikoli, kimiminika kizito ambacho huchanganywa na spiriti ili dawa iyeyuke.

Kabla ya kuchagua chapa, hakikisha kwamba tatizo lako ni lile ambalo dawa hii inalitibu. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasizozitarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu iuzwe kama dawa ya kupaka kwa wanaume wenye kipara cha kurithi. Kwa wanawake husaidia pale njia ya katikati inapopanuka mwaka hadi mwaka. Ikiwa nywele zimeliwa pembeni mwa uso baada ya miaka mingi ya kusuka rasta za kukaza, cha kwanza ni kuacha kukaza. Mtoto mwenye mashilingi (choa cha kichwani) anahitaji dawa ya kumeza ya kuua kuvu. Na nywele zinazopukutika miezi michache baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe. Mjamzito na anayenyonyesha wasiipake. Kliniki ya ngozi ya hospitali ya Mulago hapa Kampala ipo, na ni bora kupanga foleni huko asubuhi moja kuliko kupaka mwaka mzima dawa isiyokuhusu. Tena anayeanza ajue kwamba wiki za mwanzo nywele zaweza kupukutika zaidi, kwamba matokeo hungojewa miezi minne au zaidi, na kwamba akiacha, zilizoota hupotea ndani ya miezi michache.

Ninaloliweka mbele, na sifichi mapenzi yangu, ni povu la minoksidili la chapa ya Rogaine, la wanawake, la asilimia 5, ambalo Uingereza huitwa Regaine. Halina propilini glikoli hata kidogo. Hupakwa mara moja kwa siku, nusu ya kifuniko, hivyo kopo la gramu 60 hufika miezi miwili. Joto la vidole huliyeyusha mara moja, kwa hiyo ninaosha vidole kwa maji baridi, ninavikausha, ninagawa nywele mistari mistari, kisha ninapaka kwenye ngozi na si kwenye nywele. Likiwa bado bichi huweza kushika moto. Usilipake ukiwa karibu na sigiri.

La pili ni povu la Kirkland, chapa ya maduka ya Costco ya Marekani, ambalo nalo halina propilini glikoli. Lebo yake ni ya wanaume, mara mbili kwa siku, na kwa mume au kaka ningelinunua bila kusita.

Ya tatu ni minoksidili ya maji ya Kirkland, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Kiwandani hufungwa chupa sita katika kasha moja, pamoja na kipimo kimoja tu cha kudondoshea na karatasi ya maelezo. Wauzaji wetu hufungua kasha, wakauza chupa mojamoja, na mnunuzi huondoka bila kipimo wala karatasi. Mililita 1 atapimaje? Humimina kwa kukisia, dawa ikachuruzika kwenye paji la uso, na baada ya miezi michache vinyweleo huota mashavuni. Bei nayo haipungui kwa sababu kipimo hakimo. Chupa za asilimia 2 huonekana kuwa laini zaidi, lakini nyingi zina propilini glikoli ile ile, kwa hiyo ngozi iliyokwisha kuwasha haitapona kwa kupunguza asilimia.

Mafuta ya kukuza nywele yanayopangwa mezani katika soko la Owino mjini Kampala bila orodha ya viungo sikuyapa nafasi.

Sasa ninanunua katika famasi yenye kibali cha NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, pekee, na ninaomba kasha lifunguliwe mbele yangu. Wiki iliyopita msichana wa kaunta alikasirika nilipoisoma orodha ya viungo hadi mwisho huku watu wakisubiri nyuma yangu, lakini niliisoma, nikalikuta neno propilini glikoli kwenye mstari wa pili, nikamrudishia chupa yake.